Kicheko Kinapotoweka Nyumbani

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu hupita majumbani mwetu bila ya kutazamwa, nalo ni mtu kupotewa na kicheko chake.

Tunamjua kijana mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, aliyekuwa kipenzi cha baraza kwa mizaha yake. Wazee walipokuwa wakinywa kahawa baada ya sala ya Alasiri, hawakumwacha apite mpaka awape kisa. Kisha akanyamaza. Ndugu zake walimtolea mizaha ile ile iliyokuwa ikimvunja mbavu, naye akawatazama kama mtu asikiaye lugha asiyoifahamu. Mama yake akasema, "Mwanangu siku hizi ana kiburi." Baba yake akasema, "Imani yake imedhoofu." Ami yake akasema, "Huo ni uvivu tu." Ikapita miezi minne. Siku moja bibi yake alimwita ukumbini, asimlaumu kwa lolote, akamwuliza, "Mjukuu wangu, usiku walala?" Yule kijana akalia. Akasema, "Bibi, nawasikia watu wakicheka, nami najua kwamba wasemayo yanachekesha, lakini hayanifikii."

Neno hilo, "hayanifikii", ndilo tutakalo tulizingatie, kwani lina maana kubwa kuliko watu wa nyumba ile walivyodhani.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kicheko ni katika neema za Mwenyezi Mungu. Qur'ani Tukufu inatufundisha kwamba kucheka na kulia vyote viwili vyatoka Kwake. Mtume wetu, s.a.w., alijulikana kwa uso wa bashasha, na kicheko chake aghalabu kilikuwa tabasamu. Ni kweli kwamba dini yetu haipendi kicheko cha kupita kiasi wala cha kumdhihaki mtu. Lakini mcha Mungu mwenye utulivu, hata awe mchache wa maneno, mtoto akimkimbilia hutabasamu. Yule asiyeweza kutabasamu hata akitaka, huyo hakuzidi uchaji. Huenda amepatwa na maradhi.

Matabibu wa leo wanayajua maradhi hayo, na Waswahili wengi sasa huyaita sonona. Dalili zake kubwa ni mbili: huzuni isiyoondoka, na kutoonja ladha ya mambo ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Hufuatana na usingizi kupungua au kuzidi, chakula kutopendeza, uchovu bila ya kazi, fikira kuwa nzito, na mtu kujiona hana thamani. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, yapasa kumwona tabibu. Na yafaa ijulikane kwamba mtu aweza kuwa nayo asilie hata mara moja. Huzuni yake haina machozi. Alama yake ni kwamba hakuna kimfurahishacho tena.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Ya kwanza ni ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Ya pili ni ile ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi, nayo aliihesabu kuwa yahusiana na hali ya mwili, hivyo yataka tiba ya mwili pamoja na mazungumzo mema ya kuichangamsha nafsi. Kadhalika aliwausia watu kwamba, kama vile wawekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya dharura ya mwili, waweke na fikira njema kwa ajili ya dharura ya nafsi. Mwanachuoni huyo hakumwita mgonjwa mvivu wala mpungufu wa imani.

Tena tumkumbuke Nabii Yaakub, a.s., aliyemlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakaondokewa na nuru. Nani athubutuye kusema kwamba Nabii wa Mungu alikosa imani? Basi kwa nini tumwambie hivyo mtoto wetu?

Hapa msomaji aweza kutuuliza: je, mbona wako wanaocheka nao ni wagonjwa? Swali hilo ni la haki, kwani kicheko na furaha havishikamani daima. Mwaka 1962, katika shule moja ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka tarehe 30 Januari, na kicheko hicho kikawashika wanafunzi 95 kati ya 159. Kilichanganyika na kilio na hofu, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Matabibu waliochunguza hawakuona sumu wala vijidudu. Waliona kwamba chanzo chake ni dhiki ya nafsi. Wasichana wale walicheka, wala hawakuwa na furaha. Kadhalika wapo wengi wachekao barazani kwa adabu tu, kisha wakirudi chumbani wakaikabili kuta. Duchenne, tabibu wa Ufaransa, aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la adabu huvuta mdomo, lakini la furaha ya kweli hukunja na nyama zilizo kandokando ya macho. Basi atakaye kumjua nduguye asitazame meno peke yake.

Kuna jambo jingine lenye kuyazidisha maradhi haya. Mtaalamu wa Marekani, Robert Provine, alipochunguza kicheko aliona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi awapo na wenziwe kuliko awapo peke yake. Sasa tazameni hatari yake. Aliyepotewa na furaha hujitenga, kwa kuwa mazungumzo yamchosha. Na kadiri anavyojitenga ndivyo vichache vya kumchekesha vinavyozidi kumkimbia. Mlango hufungwa kwa ndani, nasi tulio nje twasema, "Mwacheni, ana kiburi."

Je, yatupasa tufanye nini? Kwanza, tusimwamuru mtu acheke. Kumwambia "changamka" ni kama kumwambia aliyevunjika mguu akimbie. Pili, tumwulize kwa upole kama alivyouliza bibi yule, juu ya usingizi na chakula, kisha tunyamaze tusikilize. Tatu, tumvute kwa mambo madogo: kwenda naye msikitini, kutembea naye jioni, kumpa kazi nyepesi ya nyumbani. Nne, tumpeleke hospitali. Yapo maradhi mengine yenye kuuzuia uso usionyeshe furaha, kama yale ya kutetemeka kwa wazee, ambayo huukaza uso ilhali moyo ungali wasikia. Tabibu ndiye wa kuyapambanua. Sonona hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa yote mawili. Na dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana manufaa yake, basi isiachwe kwa pupa. Dua na Qur'ani ziendelee, kwani kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume, s.a.w., wala hakupingani na kumtegemea Mola.

Tano, na hili ni zito, tukimsikia mtu akisema kwamba afadhali asingekuwako, tusimkemee wala tusilifanye jambo la mzaha. Tumwulize waziwazi kama ana fikira ya kujidhuru, tusimwache peke yake, na tumfikishe kwa tabibu siku ile ile. Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni, bali humpa njia ya kusema. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na mara nyingi mfichaji si mgonjwa, ni sisi jamaa zake tuionao aibu.

Kijana wetu alipelekwa hospitali. Baba yake, aliyekuwa akimlaumu, ndiye aliyemsindikiza kila mara. Miezi ikapita. Siku moja jikoni paka alimnyakua samaki mbele ya macho ya bibi, akaruka dirishani, na samaki akamponyoka akaangukia kichwani pa jogoo. Kijana akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Bibi hakusema neno, alimmiminia chai tu, kisha akageuka ukutani akamshukuru Mola wake.

Enyi wasomaji wetu, usiku huu mketipo kula, watazameni walio sinianini. Kama yupo ambaye kicheko chake hamjakisikia tangu zamani, msimhukumu. Mwulizeni kama alala. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, na awarudishie furaha wote walioikosa. Amin.