Trabajaremos: wakati ujao wa Kihispania katikati ya chai

Nilikwenda Kericho kumtazama mpwa wangu, anayesoma chuo huko na anajifundisha Kihispania ili aje awatembeze watalii kwetu Pwani. Wakati ujao umemtatiza. "Mjomba, nitaweza kweli?" Nikamwambia, hapo hapo umeshautumia.

Sisi alama twaiweka kati: ni-ta-fanya. Wahispania huiweka mkiani. Chukua kitenzi kizima, trabajar, yaani kufanya kazi, usikikate kitu, kisha ongeza mkia: trabajaré (nitafanya kazi), trabajarás (utafanya), trabajará (atafanya), trabajaremos (tutafanya), trabajaréis (mtafanya), trabajarán (watafanya). Comer, kula, na vivir, kuishi, hufuata mikia hiyo hiyo. Alama ya mkazo huandikwa kote isipokuwa penye "sisi".

Mikia hiyo ilitokana na kitenzi haber, "kuwa na". Nasi "-ta-" yetu ni mabaki ya "taka". Ndiyo maana twasema "atakayekuja".

Jirani yake, mama mchuma chai, alikuwa akitusikiliza. Akauliza: "Mashine zikichuma zote, sisi tutafanya kazi gani?" Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho kwa hofu hiyo hiyo. Mpwa wangu akaandika daftarini: ¿Trabajaremos?

Sikuwa na jibu. Nilimwambia yule mama inshallah, nikamwonyesha mpwa wangu kwamba Wahispania nao wana ojalá, neno walilolipata kwa Waarabu wa Andalusia, lenye jina la Mungu ndani yake.