Redio ya mawimbi mafupi inaponyamaza: mambo ya kukagua kabla ya kuitupa

Redio nyingi zinazopelekwa kwa fundi, au kutupwa kabisa, hazina ugonjwa mkubwa. Betri iliyovuja, tundu la hedifoni lililochafuka au taa mpya iliyofungwa sebuleni yatosha kuizuia sauti iliyosafiri maelfu ya kilomita. Katika makala yetu ya leo tunaeleza namna ya kuikagua redio yako hatua kwa hatua, yapi unaweza kuyafanya mwenyewe, na yapi ni ya kumwachia fundi.

Msikilizaji, redio ya mawimbi mafupi ina sifa moja ambayo simu ya mkononi haina: haitegemei mnara wala mtambo wowote ulio katika mtaa wako. Mwezi Mei mwaka 2015, baada ya jaribio la mapinduzi nchini Burundi, vituo kadhaa vya redio vya binafsi mjini Bujumbura vilishambuliwa na kunyamazishwa. Mwezi Januari mwaka 2021, intaneti ilizimwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi mkuu. Ni katika nyakati kama hizo ambapo redio iliyosahauliwa juu ya kabati hukumbukwa, na aghalabu ndipo mwenyewe anapogundua kwamba haisemi. Ni vyema basi kuikagua siku ya utulivu.

Anza na yale yasiyohitaji bisibisi

Redio nyingi ndogo zina kitufe cha kuzifunga ili zisiwake zenyewe zinapokuwa mkobani. Kitufe hicho kikisukumwa bila mwenyewe kujua, redio huonekana imekufa. Kingine ni swichi ya kupunguza au kuongeza usikivu wa redio. Ikiwa imewekwa upande wa vituo vya karibu, vituo vya mbali hutoweka.

Ikiwa redio inawaka, namba za masafa zinaonekana, lakini spika haitoi sauti yoyote, litazame tundu la hedifoni. Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma ambacho hukata sauti ya spika pindi hedifoni inapochomekwa. Kipande hicho kikishika uchafu au kutu, redio hudhani kuwa hedifoni ingali imo. Chomeka hedifoni na kuichomoa mara 15 au 20. Mara nyingi sauti hurejea bila ya kufungua hata skrubu moja.

Kisha fungua sehemu ya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vinavyogusa betri, basi betri zimevuja. Betri za alkali huvuja majimaji yanayounguza, kwa hiyo vaa glavu na usijiguse machoni. Chovya kijiti chenye pamba katika siki au maji ya limau, usugue vyuma hivyo, kisha uvifute kwa spiriti na kuviacha vikauke. Kutu iliyobaki iondoe kwa msasa laini. Na kama redio itakaa zaidi ya mwezi mmoja bila kutumika, toa betri zote.

Kuhusu betri za kuchajiwa, kumbuka kwamba moja hutoa volti 1.2, ilhali betri ya kawaida ikiwa mpya hutoa volti 1.5. Redio inayotumia betri 4 itapata volti 4.8 badala ya 6. Redio nyingi huvumilia upungufu huo, lakini baadhi huzima mapema, na mwenyewe hudhani ni mbovu.

Umeme wa nchi moja si umeme wa nchi nyingine

Hili linawahusu hasa wasikilizaji wetu walio ughaibuni wanaopeleka zawadi nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120, lakini Uingereza, Oman na Afrika Mashariki ni kati ya volti 230 na 240. Redio iliyonunuliwa Chicago na kuchomekwa Mombasa bila kibadilisha umeme inaweza kuungua kwa sekunde chache. Soma maandishi yaliyo nyuma ya redio au kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa 100-240V, haina tatizo. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke.

Adapta nayo ina mtego wake. Pamoja na volti, ni lazima uangalie upande wa chanya na upande wa hasi. Mchoro mdogo ulio karibu na tundu huonyesha kama chanya iko katikati au pembeni, na si watengenezaji wote wanaofuata mpango mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kuichomeka redio ya marehemu baba yangu kwa adapta ya kifaa kingine, kwa sababu tu kichwa chake kiliingia. Ikazimika papo hapo. Nilikaa na lile boksi lililo kimya nikidhani nimeiua sauti iliyotuamsha utotoni. Fundi aliyeifungua alikuta daiodi moja ya kinga imejitoa mhanga na fyuzi imekatika. Vipuri hivyo viwili ni vya bei ndogo mno, na redio ile inasema hadi leo. Lakini si kila redio ina daiodi ya kinga.

Nikiwa hapo kwenye fyuzi: usiunganishe fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi hukatika ili kitu kingine kisiungue. Weka mpya yenye ampea zilezile.

Sauti inayokwaruza na sauti inayovuma

Ukizungusha kitufe cha sauti na redio ikakwaruza, ujue vumbi limeingia ndani ya kitufe hicho. Dawa yake ni maji maalumu ya kusafishia viunganishi vya umeme, yanayouzwa katika makopo ya kupuliza. Zima redio, toa betri, puliza kidogo, kisha zungusha kitufe huku na huku mara 20. Usitumie mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia, kwani hayo hunasa vumbi zaidi na huharibu plastiki.

Mvumo mzito unaosikika redio inapotumia umeme wa nyumbani, lakini ukatoweka inapotumia betri, aghalabu hutokana na adapta duni au na kapasita zilizochoka. Kapasita za aina ya mkebe zina majimaji ndani yake, nayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Zilizovimba juu au kuvuja huonekana kwa macho. Anayejua kulehemu anaweza kuzibadilisha akizingatia kanuni tatu: mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe sawa au zaidi, na upande wa hasi, wenye mstari, urudi palepale ulipokuwa. Iliyoandikwa mikrofaradi 470, volti 16, yaweza kupokewa na ya mikrofaradi 470, volti 25, mradi ienee katika nafasi yake. Ikigeuzwa, inaweza kupasuka.

Hapa, msikilizaji, tunatoa onyo. Redio za zamani sana, zile zenye taa za kioo ndani badala ya transista, zisifunguliwe na asiyekuwa na ujuzi. Kapasita zake huhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Baadhi yake hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa nyumba, hivyo bati lote la ndani laweza kuwa na umeme unaoua. Hiyo ni kazi ya fundi.

Redio nzima, kelele za nyumbani

Pengine redio haina kasoro yoyote, lakini unachosikia ni mlio wa nyuki. Sababu kubwa ni vifaa vya kisasa: chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, kompyuta, televisheni, na vigeuza umeme vya sola. Vingi kati ya hivyo hukatakata umeme kwa kasi kubwa, na mkatiko huo hutoa mawimbi yanayoingia katika redio.

Kuna jaribio jepesi la kumtafuta mkosaji. Washa redio kwa betri, kisha uzime swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kelele zikiisha, chanzo ki ndani mwako. Rudisha umeme, uwashe kifaa kimoja baada ya kingine hadi kelele zirejee. Zikiendelea hata umeme ukiwa umezimwa, chanzo kiko kwa jirani au nje barabarani, na hapo dawa ni kuihamisha redio au kusogeza antena mbali na jengo.

Waya wa mita chache

Kwa wanaoishi katika majengo ya zege na vyuma, kama zilivyo nyumba nyingi za kupanga za Muscat, Dubai au London, kuta huzuia mawimbi. Iweke redio karibu na dirisha. Kisha chukua waya wa kawaida uliovikwa plastiki, wenye urefu wa mita 5 hadi 10, ukaze ncha moja kwenye antena ya redio kwa klipu, na uutandaze nje au kando ya dirisha, mbali na nyaya za umeme. Waya mrefu mno huilemea redio ndogo, hata vituo vikapandiana, hususan usiku.

Usiurushe waya huo kamwe juu au karibu na nyaya za umeme za barabarani. Na mvua ya radi inapokaribia, utenganishe na redio mapema.

Chagua pia masafa yanayofaa kwa saa. Mchana, masafa ya juu ya megahezi 10, kama vile mita 25, 19 na 16, ndiyo yafikayo mbali. Usiku, mita 31, 41 na 49 huwa bora. Sababu ni tabaka la anga la juu linalorudisha mawimbi ardhini, ambalo hutegemea mwanga wa jua. Jua nalo lina mzunguko wa takriban miaka 11. Mzunguko wa sasa ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia katika kipindi cha kilele. Kwa hiyo kituo kinachofifia huenda hakijafungwa. Kwanza jaribu masafa yake mengine.

Kutoka kusikiliza hadi kuzungumza

Baadhi ya wasikilizaji hawatosheki na kusikia, bali hutaka nao wajibiwe. Hao ndio wanaredio wa ridhaa, wanaozungumza wao kwa wao bila malipo, kila mmoja akiwa na jina la herufi na tarakimu. Majina ya Kenya huanza na 5Z, ya Tanzania 5H, ya Uganda 5X, na ya Oman A4. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman mwenyewe alikuwa mmoja wao, akitumia jina A41AA.

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Nchini Marekani, hata asiye raia anaweza kufanya mtihani, na tangu Februari 2007 hakuna tena sharti la kujua Morse. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, na anayepata 26 amefaulu.

Mwenye leseni anaweza kujitengenezea antena. Gawanya 143 kwa megahezi, na jibu ni urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 14.2 ni takriban mita 10, zinazokatwa katikati kuwa mikono miwili ya mita 5. Ongeza sentimita chache, kisha punguza kidogo kidogo huku ukipima. Mtambo wa kawaida wa wati 100 hutaka volti 13.8 na takriban ampea 20 unaporusha, kwa hiyo adapta ndogo haitoshi. Na usibonyeze kitufe cha kurusha kabla antena haijaunganishwa, kwani nguvu isiyo na pa kutokea hurudi na inaweza kuziunguza transista.

Hayo ndiyo tuliyowaandalia, msikilizaji. Ishushe redio yako kutoka kabatini, ifute vumbi, toa betri zilizolala humo tangu mwaka jana, na uijaribu usiku wa leo.