NGUVU ZA MWILI NA KAZI YA SHAMBA

Mlimaji, labda umeona vijana wawili wa umri mmoja na unene mmoja. Mmoja ainua gunia la mihogo bila taabu, mwenziwe ashindwa. Watu husema: «Huyu ni mvivu.» Pengine si uvivu hata kidogo. Nguvu hazitoki katika nyama peke yake. Zatoka pia katika mapimo ya mifupa na viungo. Soma maneno haya vizuri, kwa maana mtu asiyeyajua aweza kuharibu mgongo wake wakati wa kupanda, na nyumba yake yote ikaona njaa.

1. Mti wa kuinulia kisiki

Ukitaka kuinua kisiki, watia ncha ya mti mrefu chini yake, waweka jiwe karibu, kisha wabonyeza ncha ya pili. Jiwe ni pahali pa kuegemea. Tuseme: toka jiwe mpaka kisiki ni santimetri 20, toka jiwe mpaka mikono yako ni santimetri 200. Umbali wako ni mara 10. Basi ukibonyeza kwa kilo 20, kisiki chasukumwa kwa kilo 200. Lakini angalia: mikono yashuka santimetri 10, kisiki chapanda santimetri 1 tu. Unazidisha nguvu, unapunguza mwendo.

2. Mkono ni mti uliogeuzwa

Katika mkono, kiwiko ndicho pahali pa kuegemea. Msuli wa mbele, ule unaovimba ukikunja mkono, umeshika mfupa kwa kano yake karibu sana na kiwiko, kadiri ya santimetri 4. Kiganja ki mbali, kadiri ya santimetri 32, yaani mara 8. Basi ukikunja mkono kama pembe ya meza na kushika ndoo ya kilo 10, msuli sharti uvute kwa nguvu ya kilo 80, pasipo kuhesabu uzito wa mkono wenyewe.

Je, hii ni hasara tupu? Hapana. Msuli ukijikunja santimetri 1, kiganja chaenda santimetri 8. Kwa hiyo waweza kupiga shoka upesi na kurusha jiwe mbali. Mwitalia mmoja, Giovanni Alfonso Borelli, alifanya hesabu hizo zamani. Kitabu chake kilianza kutolewa mwaka 1680, baada ya kufa kwake. Alionyesha kwamba misuli yavuta kwa nguvu kubwa kupita mzigo wenyewe.

3. Watu hawakuumbwa kwa kipimo kimoja

Tuseme kwa mfano kano ya mtu wa pili imeshika santimetri 5 toka kiwiko, si 4. Msuli wake ukivuta kwa kilo zile zile 80, atashika kilo 12 na nusu, mwenziwe kilo 10 tu. Mwenye mkono mrefu naye huona mzigo mzito zaidi, lakini kiganja chake chaenda upesi zaidi. Kazi na chakula chema vyaongeza unene wa msuli. Lakini hakuna kazi inayohamisha pahali kano iliposhika. Basi usimcheke mwenzako.

Tena, kiungo kile kile hakina nguvu sawa kila wakati. Mkono ukinyoshwa kabisa, kano yalala karibu na mfupa na kuuvuta zaidi kuelekea kiungo kuliko kuuzungusha. Ukikunjwa nusu, nguvu ni nyingi. Katika goti, kile kifupa cha mbele chasukuma kano mbali kidogo na kiungo, nayo yapata nguvu ya kunyosha mguu.

4. Mgongo wako

Hapa ndipo penye hatari. Misuli ya mgongo yavuta nyuma ya pingili za uti, kadiri ya santimetri 5 tu toka katikati yake. Mzigo wa kilo 20 ukiwa mbele santimetri 50, misuli sharti ivute kilo 200. Ukiusogeza mpaka santimetri 25, yavuta kilo 100. Mzigo ni ule ule, mtu ni yule yule. Umbali tu umebadilika. Tena ukiinama, uzito wa kifua, kichwa na mikono waongezeka juu ya hesabu hiyo. Nguvu zote hizo zabana pingili za uti.

5. Fanya hivi

— Sogea karibu na mzigo kabla ya kuushika. Weka miguu kando yake.
— Kunja magoti, usiiname kwa kiuno peke yake. Shikamanisha mzigo na tumbo, kisha simama polepole.
— Usigeuze kiuno wakati wa kuinua. Geuza miguu.
— Gunia kubwa liinueni wawili, au ligawanyeni.
— Mzigo wa kichwani ukae juu ya uti sawasawa, usielemee mbele wala kando.
— Mpini wa jembe ulingane na urefu wa mtu. Mpini mfupi mno wamwinamisha mchana kutwa, na misuli ya mgongo haipumziki.
— Usimpe mtoto mzigo wa mtu mzima.

Jembe likivunjika, fundi atalitengeneza. Mgongo ukiharibika, si rahisi kuutengeneza. Waonyeshe mambo haya wa nyumbani mwako, hasa akina mama, maana ndio wanaobeba kuni, maji na mavuno.