Kujiua kwa Vijana: Sababu Zinazotangulia Sababu

Mwanafunzi anapojitoa uhai, aghalabu habari zake husimuliwa kwa sentensi moja yenye sababu moja: alipata alama za chini, aliachwa na mpenzi, alikaripiwa na babaye. Hata hivyo, maelfu ya watahiniwa hupata alama za chini katika mtihani wa KCSE kila mwaka na bado huendelea na maisha yao. Haba na haba hujaza kibaba. Tukio linalotajwa huwa ni haba ya mwisho tu.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanao mfano wa karibu. Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), Rosa anajiua baada ya kukataliwa na mchumba wake. Mwanafunzi anayeandika kwamba Rosa aliuawa na mapenzi huwa amesoma kurasa za mwisho tu. Kabla ya mchumba huyo yupo Zakaria, baba mlevi na mkali kupita kiasi. Yapo malezi yaliyomtenga Rosa na wavulana bila kumweleza lolote kuwahusu. Wapo wanaume waliomtumia. Na ipo aibu ambayo hakuwa na mtu wa kumtulia.

Wataalamu wa afya ya akili hawako mbali na mwandishi huyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka ulimwenguni, na mwaka wa 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya walio na umri wa miaka 15 hadi 29. Miongoni mwa mambo yanayomweka kijana hatarini ni sonona, yaani huzuni nzito isiyokoma, pombe na dawa za kulevya, kudhulumiwa kimwili au kingono, kuonewa na wenzake shuleni, kufiwa, na kuwapo kwa aliyejiua katika ukoo. Lililo zito kuliko yote ni kwamba kijana aliwahi kujaribu kujiua hapo awali. Kwa hiyo, kauli ya kwamba kijana wa aina hiyo 'anadeka tu' ni ya hatari kubwa.

Ujana wenyewe huongeza jambo jingine. Sehemu ya ubongo inayozuia papara hukomaa baadaye kuliko nyingine, hivyo kijana huweza kuchukua uamuzi wa kufa katika dhoruba ya saa chache ambayo ingepita. Ndiyo maana kuweka mbali vitu vya kudhuru huokoa maisha. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama Kenya, ilipiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, na kiwango cha kujiua kikashuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili baada ya 1995. Mzazi hawezi kutunga sheria ya nchi, lakini anaweza kuzifungia dawa za shambani na za hospitali kwa kufuli.

Walimu na wazazi wengi huogopa kulitaja neno lenyewe wasije wakamtia mtoto wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Kijana anayejitenga ghafla, anayegawa vitu avipendavyo au anayesema kwamba yeye ni mzigo kwa watu wake, aulizwe waziwazi na kwa upole iwapo anafikiria kujiua. Akikiri, asiachwe peke yake, asiahidiwe kwamba siri hiyo itafichwa, na apelekwe kwa mshauri nasaha au hospitalini siku hiyohiyo. Mahubiri yanaweza kungoja.

Kwa miaka mingi, sheria ya Kenya yenyewe ilichangia kimya hicho. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyehitaji daktari akawa na sababu ya kumkimbia polisi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Lugha bado haijaufuata uamuzi huo. Husemwa kwamba fulani 'alifanikiwa kujiua' na mwingine 'alishindwa', utadhani kifo ni ushindi na kunusurika ni aibu. Wanafunzi wa isimu wana kazi hapo: 'alikufa kwa kujiua' na 'alinusurika' ni kauli zilizo wazi na zisizomhukumu mtu.

Je, riwaya kama ya Rosa zisifundishwe? Swali hili ni kongwe. Leipzig ilipiga marufuku riwaya ya Goethe kuhusu Werther mwaka wa 1775 kwa kuhofia uigaji. Hofu ya uigaji ina msingi, hasa kifo kinapopambwa au njia yake inapoelezwa kwa kina. Lakini watafiti wa Vienna walionyesha mwaka wa 2010 kwamba habari za watu waliokabiliwa na fikira hizo wakapata njia nyingine zinaweza kulinda maisha. Riwaya ya Kezilahabi, basi, ifundishwe, na swali la darasani liwe ni nani angaliweza kumsikiliza Rosa, na katika sura ipi. Mwalimu akiona mwanafunzi amenyamaza kuliko kawaida baada ya kipindi, amfuate. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto nchini Kenya hupigwa bila malipo, na inafaa iandikwe ubaoni siku hiyo.