Filamu ikiisha, nani huuliza? Mazungumzo ya watazamaji na watengenezaji wa filamu Bujumbura

Desturi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Filamu huisha, taa huwashwa, na badala ya watu kushika njia, aliyeitengeneza husimama mbele ya skrini ili aulizwe. Mshereheshaji humtambulisha kwa maneno machache, kipaza sauti huzungushwa ukumbini, na kwa muda wa nusu saa hivi watazamaji hupata nafasi ambayo televisheni na simu haziwapi: kumkabili mwenye kazi na kumtaka aeleze.

Mjini Bujumbura, desturi hii haina jumba lake maalumu. Jiji halina wingi wa kumbi za sinema, hivyo filamu za kujitegemea, yaani zile zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa na mara nyingi kwa fedha za kuungaunga, huonekana zaidi katika Institut français du Burundi na katika tamasha la filamu la FESTICAB. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 2009 na Léonce Ngabo, mwanamuziki na mwongozaji aliyetengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutoka Burundi. Gito ni kijana anayerejea Bujumbura na shahada ya Paris akitarajia kupewa uwaziri. Anachoambulia ni fedheha, hasa kutoka kwa wanawake wawili wanaoshirikiana kumtia adabu. Mtazamaji wa Paris huona kichekesho. Mtazamaji wa Bujumbura anamjua Gito, huenda amesoma naye, na swali lake kwa mwongozaji huwa na ncha: je, ulikuwa unamsema nani?

Hapo ndipo tofauti ilipo. Katika matamasha ya Ulaya, maswali mengi huhusu ufundi, kama vile mwanga, kamera au miaka iliyotumika kutafuta fedha. Nchini Burundi filamu nyingi zenye uzito hugusa mambo ambayo waliokaa ukumbini waliyapitia. Mwaka 2010 Eddy Munyaneza alitoa Histoire d'une haine manquée, filamu ya maisha halisi kuhusu mauaji ya mwaka 1993 yaliyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na kuhusu watu waliohatarisha maisha yao ili kuwaokoa majirani. Filamu kama hiyo inapoonyeshwa kwa Warundi, si ajabu aliyeinua mkono asiulize lolote, bali akaanza kusimulia yaliyomkuta. Mshereheshaji asiyeijua nchi atamkatiza na kumwomba aulize swali. Mshereheshaji mwenye busara atamwacha amalize, kwani kwa wengine hiyo ni mara ya kwanza kuyasema mambo hayo mbele ya watu wasio wa nyumbani kwao.

Zipo pia filamu za wageni kuhusu Burundi. Mwaka huohuo wa 2010 Mbelgiji Ivan Goldschmidt alitoa Na Wewe, filamu fupi ya chini ya dakika 20, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2011. Ni mwaka 1994, basi dogo linasimamishwa na waasi, na abiria wanatakiwa kujitenga kwa makabila. Jina lake halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kirundi wala wa Kiswahili. Kwa filamu ya namna hii swali gumu zaidi ni hili: kwa nini uliona ni wewe wa kuisimulia? Hilo si swali la utovu wa adabu. Mtengenezaji anayejiheshimu huja na jibu lake tayari, na majibu ya baadhi yao huzidi filamu zenyewe kwa uzuri.

Lakini ili kuuliza, sharti mtu awe na lugha ya kuulizia. Katika kumbi rasmi za Bujumbura, mazungumzo baada ya filamu aghalabu huendeshwa kwa Kifaransa, na pale hadhira inapochangamka, Kirundi huingia. Kiswahili, lugha ya Buyenzi, ya masoko na ya biashara na Tanzania na Kongo Mashariki, husikika mlangoni na barabarani zaidi kuliko kwenye kipaza sauti. Mkazi wa Buyenzi anaweza kuifuata filamu vizuri kwa picha zake na kwa Kifaransa cha kusikia, kisha akanyamaza wakati wa maswali kwa kuogopa kuchekwa kwa sarufi. Kimya hicho husomwa vibaya. Huchukuliwa kuwa hana la kusema.

Historia inasema vingine. Watazamaji wa Afrika Mashariki walizoea zamani kuizungumzia filamu wakati inaendelea. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijenga jina kwa kufasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza mizaha na maoni yake mwenyewe. Uganda ina wafasiri wake, na Rwanda pia. Hadhira iliyolelewa hivyo haina haya ya kujibizana na sinema. Hata kabla ya umeme, mtegaji wa vitendawili kwa Kirundi alisema «Sokwe», wasikilizaji wakajibu «Niruze», kama Waswahili wanavyoitikia «Tega». Kitendawili kisichoitikiwa hakitegwi, na wengi hukaa ukumbini kwa matarajio hayohayo. Upungufu wa kibanda ni kwamba anayejibiwa pale ni mfasiri, na aliyetengeneza filamu yuko mbali.

Waanzilishi wa sinema ya Afrika walilitambua jambo hili mapema. Ousmane Sembène wa Senegal aliiona sinema kuwa shule ya jioni, akazunguka na filamu zake vijijini ili zijadiliwe na watu wasiosoma vitabu vyake vya Kifaransa. Karibu na Burundi mifano ipo. Tamasha la filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilipeleka skrini ya kujazwa upepo milimani, na filamu za Kinyarwanda zikatazamwa na wenye lugha yao. Tamasha la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, halikuishia Ngome Kongwe. Lilipeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Nairobi ina ukumbi mdogo wa Unseen, unaoonyesha filamu za kujitegemea na kuwaalika watengenezaji wake kuzungumza na watazamaji.

Bujumbura haihitaji kusubiri jengo jipya ili kufanya vivyo hivyo. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye lugha tatu na kipaza sauti cha pili, pamoja na tangazo la awali kwamba swali litapokewa kwa Kirundi, Kiswahili au Kifaransa. Tafsiri huchukua muda, ni kweli, na maswali kumi yatakuwa sita. Hasara hiyo si kubwa, kwa kuwa katika maswali kumi ya kawaida manne huwa ni hotuba. Filamu nazo zipo: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, imezungumzwa kwa Kiswahili. Ikionyeshwa Bujumbura, watu wa Buyenzi wanaweza kuwa ndio wakalimani wa wenzao.

Kwa filamu za maisha halisi kuna swali moja ambalo halipaswi kukosa siku yoyote, na mara nyingi huwa ni la mwanamke aliyekaa nyuma: yule mama uliyemwonyesha, je, ameiona filamu hii? Katika jiji dogo mama huyo anaweza kuwa ukumbini, au jirani yake akawepo. Mwongozaji aliyemwonyesha kwanza atajibu kwa neno moja. Asiyemwonyesha atajieleza kwa muda mrefu, na ukumbi utamwelewa.

Lipo pia suala la saa, ambalo waandaaji hulisahau. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na uhaba wa mafuta umefanya mabasi kuwa machache. Wa Buyenzi anaweza kurudi kwa miguu. Wa Kamenge au Kinama hutazama saa tangu filamu haijaisha. Onyesho likianza saa 12 jioni, maswali huanza wakati sehemu ya watazamaji imeshasimama. Likianza saa 9 alasiri siku ya Jumamosi, hata wa Kinama atabaki na muda wa kuinua mkono.