Engaruka: mashamba ya mawe chini ya ukuta wa Bonde la Ufa

Picha ya Machu Picchu imezunguka dunia nzima. Mji huo wa Wainka nchini Peru uko mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, ulijengwa karibu na mwaka 1450 katika enzi za mfalme Pachacuti, na tangu mtafiti Mmarekani Hiram Bingham autangaze mwaka 1911 wageni hawaachi kuupanda. Katika karne hiyo hiyo ya 15, watu wa kaskazini mwa Tanzania nao walikuwa wakipanga mawe chini ya mlima na kuyaongoza maji yake. Mahali pao panaitwa Engaruka. Sisi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, tuna sababu kubwa ya kupajua, kwa maana tunaishi mahali pa namna ile ile. Milima ya Mitumba inayosimama nyuma ya mitaa yetu ya Kasenga na Mulongwe ni ukuta wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Engaruka imelala chini ya ukuta wa tawi la mashariki.

Kwa barabara, safari kutoka Uvira inapitia Bujumbura, inavuka mpaka wa Kobero, inashika Nyakanazi, Kahama, Singida na Babati hadi njia panda ya Makuyuni. Kutoka hapo unakwenda Mto wa Mbu, mji mdogo wa ndizi na mpunga karibu na Ziwa Manyara, kisha unageukia kaskazini. Ukuta wa Bonde la Ufa unakufuata mkono wa kushoto muda wote. Nchi ni kavu: vumbi, migunga, ng'ombe wa Wamaasai. Mbele kuna Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita wa Mungu, volkano iliyolipuka mwaka 2007. Katikati ya ukavu huo unakutana na kijani cha ghafla, pale mto Engaruka unapotoka kwenye korongo lake. Wanakijiji wa leo wanautumia kumwagilia mahindi, maharage na migomba.

Magofu yako pembeni tu. Vijiji vilikuwa saba, vimejengwa kwenye mteremko wenyewe. Kila nyumba ilikaa juu ya kijukwaa kilichochimbwa mlimani na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe upande wa mbele, na vijukwaa hivyo vinapanda kimoja juu ya kingine. Chini yake yanaanza mashamba, yapata hekta 2,000. Hakuna chokaa wala udongo wa kushikanisha. Jiwe limeshikwa na jiwe. Ukiinama unaona mstari wa mawe usiofika hata goti, mwingine unaukata, na kati yao kiwanja kidogo cha kulima. Kando unapita mfereji uliojengewa mawe, umeinama kidogo sana, ili maji yasikimbie yakachimba wala yasisimame yakaoza. Mawe yaliyozidi shambani yalirundikwa, na marundo hayo nayo yalijengwa pande zake zikanyooka, ili yasile ardhi. Chakula chao kikuu kilikuwa mtama. Wachimbaji wamezipata punje zake zilizoungua.

Jambo lililonishika kuliko yote ni tope. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sehemu ya mashamba yale haikuwa na udongo wa maana hapo mwanzo. Watu walijenga kuta fupi za mawe, wakaelekeza humo maji ya mto yaliyobeba udongo kutoka milimani. Maji yalipunguza mwendo, udongo ukatua, ukuta ukaongezwa tabaka, maji yakaletwa tena. Shamba lilitengenezwa hivyo, pole pole, kwa tope la mlimani.

Msomaji wa Uvira ataelewa kwa nini naliweka hili mbele. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na tope na majabali, ukaua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba, ukavunja daraja na kuharibu mitambo ya shirika la maji la Regideso. Mulongwe ni mto mkali, na mji wetu umebanana kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Siwezi kusema kuta fupi zingeuzuia wakati ule. Hata hivyo, kazi ya kuyapunguza mwendo maji na kuuzuia udongo huko juu, kabla haujafika kwenye nyumba, ni kazi ambayo Waafrika waliifanya kwa mikono kwa karne tatu hivi.

Walikuwa akina nani? Wengine wanawahusisha na Wairaqw wa Mbulu, wengine na Wasonjo, wanaojiita Batemi, ambao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji. Hawakuacha maandishi. Kufikia karne ya 18 walikuwa wanaondoka, na sababu zinazotajwa ni maji kupungua na ardhi kuchoka. Gustav Fischer, daktari Mjerumani, aliyaona magofu mwaka 1883. Mwanajiolojia Hans Reck akafuata mwaka 1913, kisha mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1935. Leakey alikadiria wakazi zaidi ya 30,000, lakini wachunguzi wa baadaye walishusha hesabu hiyo hadi watu elfu kadhaa, kwa kuwa mashamba na nyumba havikutumika vyote kwa wakati mmoja. Kwangu mimi hesabu hiyo ndogo inaongeza heshima yao, maana kazi kubwa namna ile ilibebwa na mikono michache, kizazi baada ya kizazi.

Machu Picchu imo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 1983. Engaruka haina umaarufu huo, mbuzi wanapita juu ya mifereji, na ukienda peke yako utayapita magofu bila kuyatambua. Chukua mwongozaji wa kijijini, lipa ada yake, usiondoe jiwe hata moja. Na ninyi mnaopanga kazi za mito yetu, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, mnaosafiri kila mwaka kwenda semina za mbali: pitieni Engaruka, mkae siku mbili au tatu kwenye ile mifereji, mpime mteremko wake, mrudi mtuambie nini kinaweza kujengwa juu ya Uvira kabla ya masika mengine.