Ziara ya mwanamfalme ambayo haikufika kisiwani, na wanaume watano walioamua kumfuata kwake

Jumamosi moja ukiwa huna kazi na bando bado lipo, tafuta dokumentari iitwayo Meet the Natives. Si mpya. Ilionyeshwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 2007, wakati baadhi yenu mlikuwa mnajifunza kusoma. Lakini nakuhakikishia itakuachia swali la kukukosesha usingizi.

Wewe unazijua dokumentari za visiwa vya mbali. Ngoma inalia, kamera inapita juu ya minazi, kisha mtangazaji mwenye sauti nzito anakueleza jinsi watu hawa wanavyoishi, wanavyokula na wanavyoabudu. Wao wenyewe hawaulizi chochote. Kazi yao ni kutazamwa.

Hii iligeuza meza. Wanaume watano kutoka kisiwa cha Tanna walipelekwa Uingereza, na safari hii wao ndio waliokuwa wakiwachunguza Wazungu.

Tanna iko Vanuatu, nchi ya visiwa zaidi ya 80 katika Bahari ya Pasifiki, mashariki mwa Australia. Kuna volkano hai iitwayo Yasur, na watu hukutana jioni kunywa kava, kinywaji cha mizizi kinachotuliza mwili. Wana lugha zao za asili, na pia wanaongea Bislama, lugha iliyozaliwa kwa kuchanganya maneno ya Kiingereza na sarufi ya visiwani. Kijana wa Sheng, hapo wanakuelewa kabisa!

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Katika kijiji cha Yaohnanen na majirani zake, wapo watu wanaoamini kwamba Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, ni mtu wao. Kuna simulizi ya kale kuhusu mwana wa roho wa mlimani, mwenye ngozi nyeupe, aliyevuka bahari akaoa mwanamke mwenye mamlaka makubwa, na ambaye siku moja angerudi nyumbani.

Wakati huo Vanuatu ilikuwa ikiitwa New Hebrides, na tangu 1906 ilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja. Picha za Malkia zilitundikwa katika ofisi za serikali. Wazee wakaangalia, wakapiga hesabu. Mwanamke mwenye mamlaka makubwa? Huyo hapo ukutani. Mumewe aliyetoka mbali? Ni kweli alitoka mbali, kwa sababu Philip hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1921 katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki.

Mwaka 1974 Malkia na mumewe walizuru New Hebrides kwa meli yao, Britannia. Mzee mmoja wa Tanna alisimulia baadaye kwamba alikuwa miongoni mwa wapiga kasia waliokwenda kuilaki meli hiyo, na akamwona Philip kwa macho yake, amesimama na sare nyeupe. Lakini Tanna kwenyewe Philip hakukanyaga, wala hakuwahi kukanyaga maisha yake yote.

Wangeweza kukata tamaa. Badala yake wakaanzisha mawasiliano. Philip aliwatumia picha yake aliyoitia sahihi. Wao wakamtumia nal-nal, rungu la jadi la kuulia nguruwe. Naye akapigwa picha akiwa na suti yake, rungu mkononi, akawarudishia. Picha hizo zilitunzwa kijijini kama unavyoona nyumbani kwenu picha ya babu ikitunzwa sebuleni.

Najua sasa hivi unacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini subiri.

Watu hawa walikuwa wamepitia wamisionari waliopiga marufuku kava na ngoma zao. Waliambiwa kila kitu chao ni giza, na nuru yote hutoka ng'ambo. Hebu fikiria jibu lao: huyo bwana mkubwa wenu mnayemheshimu hivyo, tunamjua. Ametoka kwenye mlima wetu. Mimi nikiisikia hivyo, siisikii kama sauti ya watu waliodanganywa. Naisikia kama sauti ya watu waliokataa kuwa wadogo.

Turudi kwenye dokumentari. Wageni wetu watano walizungushwa Uingereza wakikaa na watu wa matabaka mbalimbali, kutoka shamba la nguruwe Norfolk, kupitia Manchester, hadi kwenye kasri la kale kaskazini mwa nchi. Kule shambani waliona nguruwe wakipandishwa kwa mbegu za kuletwa, bila dume. Kwa mtu wa Tanna, ambako nguruwe ni mali, ni heshima na ni sherehe, hilo lilikuwa jambo la kushika kichwa. Barabarani waliona watu wanaolala nje katika nchi iliyojaa majumba, nalo hawakulielewa. Kwao mtu hawezi kukosa pa kulala wakati ndugu zake wapo.

Ukiwa kwenye kochi lako hapo Umoja au Kisauni, unajikuta unatikisa kichwa pamoja nao. Na ghafla unakumbuka yule mtu uliyemruka asubuhi akiwa amelala nje ya duka ukikimbilia matatu.

Sikwambii dokumentari hiyo haina kasoro. Bado ni kituo cha Uingereza kilichoamua nini kionyeshwe na nini kikatwe, na mara nyingine unahisi wageni wamewekwa mahali ili mtazamaji acheke. Lakini mwisho wake unanifanya niisamehe. Wanaume hao walifanikiwa kukutana na Philip. Wakabadilishana zawadi, na miongoni mwa walizopata ilikuwa picha yake mpya. Na kamera? Ilibaki nje. Mkutano ambao kipindi kizima kilikuwa kikiuelekea, wewe na mimi hatukuuona.

Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona ndivyo ilivyostahili. Ile ilikuwa ziara yao, haikuwa burudani yetu.

Kwa nini nakusumbua na habari za Pasifiki? Kwanza, mtu huyo si mgeni kwetu. Alikuwa na Elizabeth hapa Kenya Februari 1952 mfalme alipofariki, na yeye ndiye aliyempasha mkewe habari hiyo kule Sagana. Desemba 1963 alikuwa tena Nairobi, akimwakilisha Malkia usiku ambao bendera ya Uingereza ilishushwa na yetu kupandishwa. Kamera za dunia zilikuwa zikitutazama sisi wakati huo.

Pili, siku hizi kamera iko mfukoni mwako.

Desemba moja nilikuwa ushago, nikamrekodi nyanya akipuliza moto jikoni, moshi umemjaa machoni, kitambaa kimeteleza kichwani. Nikaweka mtandaoni. Watu wakacheka, namba zikapanda, nikajiona msanii. Jioni binamu akamwonyesha. Nyanya akatazama hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole: "Mjukuu wangu, wanacheka nini?"

Sikuwa na jibu. Niliifuta usiku huohuo, lakini swali halikufutika.

Kesho yake niliketi naye bila simu, nikamwambia aniulize chochote kuhusu Nairobi. Akaniuliza jirani yangu wa mlango wa pili anaitwa nani. Nimekaa ploti hiyo miaka mitatu, na sikulijua jina lake.

Philip alifariki Aprili 2021 akiwa na umri wa miaka 99. Kule Tanna waliomboleza kama mnavyomwomboleza mzee wa ukoo, kwa kuketi pamoja, kuzungumza na kunywa kava. Waandishi wa habari wa dunia nzima waliwatafuta tena, wengi wakitaka kichekesho kilekile cha miaka yote. Waliowasikiliza vizuri walikuta watu wenye msiba.

Kwa hivyo ukienda likizo hii, au ukiingia mtaa usio wako na simu mkononi, omba ruhusa kwanza. Na kabla hujarekodi, mpe mwenzako nafasi akuulize swali moja kukuhusu. Ukiona aibu kulijibu, hapo utajua amekutazama vizuri kuliko ulivyomtazama wewe.